Jini sio tatizo, tatizo ni dada mtu

Watu wengi wakisikia komedi ya familia yenye jini ndani wanadhani utamu wake ni ule uchawi, yaani mtu anasugua taa, moshi unafuka, anatoka jamaa anauliza bosi unataka nini, vitu vinashuka. Mi nasema hapana. Nimeziangalia hizi komedi nyingi kuliko nnavyopenda kukiri na kadiri ninavyoangalia ndo naona jini ni kisingizio tu. Mtoe jini uweke kadi ya benki isiyoisha au rimoti ya ajabu ajabu, stori itabaki ileile. Ila sasa jaribu kutoa mabinti. Toa hata mmoja tu, mwache mwenzake na jini wake ndani ya nyumba, halafu niambie kuna nini hapo cha kucheka.

Chukua Genie in the House, yaani jini ndani ya nyumba, ile ya Uingereza iliyoanza kurushwa na chaneli ya watoto Nickelodeon mwaka 2006. Mpango wake mwepesi kabisa: baba anaitwa Philip Norton (kaigiza Victor McGuire) analea mabinti wawili peke yake, Emma na Sophie, wanahamia nyumba mpya, darini wanakuta taa ya dhahabu, wanaisugua na anatoka Adil, jini kijana ambaye kazi yenyewe ya ujini haijamkaa sawasawa mwilini. Basi. Hapo ushamaliza kuelewa kila kitu na hujahitaji maelezo ya ziada. Baba, mabinti wawili, jini mmoja, taa moja. Hesabu hiyo ya mwisho ndo muhimu, wawili kwa moja, na nitairudia mpaka uchoke.

Kwanza tuelewane kuhusu komedi za tivi zenyewe. Komedi ya aina hii ina sheria moja ambayo haivunjwi, kwamba mwisho wa episodi kila kitu kirudi kilipokuwa. Wiki ijayo watazamaji wakifungua tivi wakute sebule ileile, kochi lilelile, baba yuleyule na matatizo yaleyale, na aliyekosa episodi tatu asipotee. Sasa wewe mwandishi wa skripti umeletewa jini. Ombi ni nini? Ombi ni badiliko. Mtu anaomba utajiri maana yake kesho sio maskini tena, anaomba awe maarufu shuleni maana yake kesho sio yule wa kukaa peke yake tena. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na jini ndo kiumbe pekee anayekutolea cha mvunguni huku umelala kitandani umekunja nne. Sasa mtu ambaye hainami kabisa huyo hana stori, na komedi inayobadilika kila wiki haina sebule ya kurudi. Kwa hiyo kila anayeandika komedi ya jini, kazi yake kubwa sio kutimiza maombi, kazi yake ni kutafuta namna ya kuyaharibu kabla ya dakika ya ishirini na kitu hivi.

Na njia za kuharibu ombi hazizidi vidole vya mkono mmoja. Ya kwanza ni kuweka hesabu na masharti, maombi matatu ukimaliza umemaliza, na katuni ya Disney ya Aladdin ya mwaka 1992 ikaongeza na orodha ya yasiyowezekana: jini haui mtu, hamfanyi mtu ampende mtu, harudishi wafu. Hii inafaa sinema, maana sinema inaisha, komedi ya misimu minne utayahesabu vipi hayo matatu? Njia ya pili ni jini msikivu kupita kiasi, umesema "natamani ningekuwa nzi ukutani nisikie wanachosema" na yeye anakufanya nzi. Inachekesha mara ya kwanza. Mara ya tisa unaanza kumhurumia mwandishi. Ya tatu ni jini asiyejua kazi, analenga kushoto anapiga kulia, na hii ndo wanaipenda sana kwa watoto kwasababu jini anayekosea anakuwa mtoto mwenzao, ila ubaya wake ni kwamba kosa linatoka kwenye mashine. Ni sawa na kuangalia episodi nzima inayohusu friji kuharibika. Fundi atakuja, itatengemaa, halafu?

Njia ya nne ndo hii ya madada. Ombi linaharibika sio kwasababu jini kakosea wala sio kwasababu maneno yalikuwa na mtego, limeharibika kwasababu kuna mtu wa pili mwenye haki ileile na anataka kinyume. Dada mtu anataka nyumba itulie asome, mdogo mtu anataka watu waje. Jini kafanya kazi yake vizuri kabisa mara mbili na nyumba imegeuka uwanja wa vita. Hapo kosa limetoka kwa binadamu, na kosa la binadamu halina fundi.

Tena hii sio mbinu ya juzi. Mwaka 1693 Charles Perrault wa Ufaransa, huyuhuyu aliyeandika habari za Cinderella, alitoa hadithi ya mashairi kuhusu mkata kuni aliyepewa maombi matatu. Jamaa anarudi nyumbani, wanakaa na mkewe wapange vizuri wasikurupuke, moto unawaka vizuri, na yeye kwa kujisahau tu anasema hapa ingepatikana soseji ndefu mambo yangekuwa safi. Soseji hiyo inakuja inajiburuza sakafuni. Mke anamshukia, yaani ungeweza kuomba ufalme, dhahabu, lulu, umeomba soseji?! Anasema na kusema na kusema mpaka mume anakasirika anatamka natamani ingekuning'inia puani! Ikanasa. Ombi la tatu unalijua mwenyewe, wamelitumia kuitoa, wamebaki walivyokuwa na hawana hata hiyo soseji. Hebu iangalie tena hiyo hadithi taratibu. Sebule, watu wawili wa nyumba moja, kitu kimoja cha kugombania, mdomo unatangulia akili, mwisho kila kitu kinarudi kilipokuwa. Hiyo ni episodi ya tivi iliyoandikwa miaka zaidi ya 200 kabla ya tivi. Na angalia nani kaharibu, sio aliyetoa maombi, yule kafanya sawasawa na alivyoambiwa. Waliokaa pamoja muda mrefu mpaka wanajuana sehemu za kuumizana ndo wameharibu.

Sasa wachukue hao wawili uwafanye madada na mambo yanakuwa matamu zaidi, kwasababu mume na mke wanaweza kuachana. Dada hana talaka. Atakuwa chumba cha pili kesho na keshokutwa na atakaa kwenye picha zako zote mpaka uzeeni. Mimi nimekua nyumba yenye wasichana watatu kwa hiyo sihitaji kufundishwa hili, nyumba ya madada ni nyumba ambayo kila kitu kishagawanywa na bado hakuna anayeridhika na mgao. Bafu lina zamu. Kioo kina zamu. Blauzi ya mmoja ni blauzi ya wote mpaka siku inapochafuka, hapo ndo inakuwa na mwenyewe. Halafu juu ya vyote hivyo unawaletea taa. Moja. Wewe ulitegemea nini?

Kila ombi la mmoja ni kodi kwa mwenzake, na hapa ndo pale wandishi wa hizi komedi wakiwa makini wanapata dhahabu. Mmoja akiomba apendwe na baba zaidi, mwingine kapungukiwa bila kufanya kosa lolote. Mmoja akiomba awe na sauti nzuri ya kuimba, mwingine aliyekuwa anaimba tangu mwanzo ghafla hana chake. Hakuna ombi la bure. Mtu akiwa peke yake na jini wake anaweza kuomba gari jekundu na hakuna anayeumia, lakini ndani ya nyumba ya wawili hata kuomba gari jekundu ni kauli, maana mwenzako atauliza mbona hukuniuliza rangi. Komedi nyingi za jini wa mtu mmoja zinalazimika kutafuta adui nje, jirani mmbea au mwalimu mkali au jini mbaya kutoka huko anakotoka jini mzuri, ndo maana zinachoka haraka. Hii ya madada adui yuko mezani anakula nao.

Na kuna kitu kingine ambacho nadhani watu hawakipi uzito wake: siri. Karibu komedi zote za jini zina siri, watu wa nje wasijue. Kwa mtu mmoja siri ni mzigo tu, anakimbia kimbia kuficha, basi. Kwa madada siri ni silaha yenye makali pande zote mbili. Nikikusema kwa baba na mimi nimeisha. Ukinisema taa inaondoka tunakosa wote. Kwa hiyo wanalindana huku wanachukiana, wanadanganya kwa pamoja, mmoja anaanza uongo mwenzake anaumalizia bila hata kuangaliana, na sekunde tano baada ya mtu mzima kutoka chumbani wanarudi kurukiana. Aliyewahi kuwa na dada anajua huo sio uigizaji. Ndo ule msemo wa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na ukiniuliza mimi tatizo kubwa la jini yeyote aliyewahi kukaa na madada ni hilo tu, hakuchukua jembe. Amekaa katikati anasikiliza na kila upande unampa amri.

Ili uone tofauti vizuri lazima urudi kwa bibi yao wote, I Dream of Jeannie, ya Marekani, kituo cha NBC, 1965 mpaka 1970, misimu mitano, episodi 139. Hii aliibuni Sidney Sheldon, yuleyule wa riwaya za mapenzi na visasi ambazo watu wamezisoma mpaka kurasa zimechanika, wengi hawajui alipitia kwenye tivi kabla ya riwaya. Barbara Eden ni jini wa kike aliye ndani ya chupa, Larry Hagman ni mwanaanga anayemuokota ufukweni kisiwani. Mwaka mmoja kabla wapinzani wao ABC walikuwa wameshaanza Bewitched na mchawi wao wa kike ndani ya nyumba, na NBC nao walitaka wa kwao, biashara ni biashara. Ile chupa maarufu yenyewe ilikuwa chupa ya pombe ya Jim Beam ya toleo la 1964 iliyopakwa pakwa rangi, ambalo mimi kila nikilikumbuka nacheka, watu wazima wameweka chupa ya wiski sebuleni kwa miaka mitano na watoto wanaishangilia.

Lakini angalia hesabu yake. Mmoja kwa mmoja. Mwanamume mwenye chupa na mwanamke aliye ndani ya chupa, anayemwita "Bwana" tena sio bwana wa mume, bwana wa mtumwa. Na kinachonishangaza zaidi ni episodi ya kwanza kabisa, jamaa anamwachia huru! Anamwambia uko huru nenda, kabla hata hajaondoka kwenye kile kisiwa. Halafu yule mwanamke anajiviringisha na chupa yake anaingia kwenye begi la jamaa anamfuata nyumbani kwa hiari yake mwenyewe ili akawe mtumwa. Mwandishi kalijua tatizo, kalimaliza kwa dakika moja ili lisimsumbue tena miaka mitano mbele, mjanja kweli. Baada ya hapo komedi yote ni nani anamtawala nani na jinsi ya kumficha daktari wa kambi, Dr. Bellows, ambaye kila akiingia mlangoni kuna kitu cha ajabu kimetokea sekunde moja iliyopita. Inachekesha, sikatai, Hagman alikuwa na uso wa kuhangaika ambao hauna mfano. Ila ukizitoa zile mbio za kumficha daktari kinachobaki ni swali moja, atamwoa hatamwoa.

Wakaoana. Desemba 1969, msimu wa tano. Mei 1970 komedi imekwisha. Barbara Eden mwenyewe kashasema zaidi ya mara moja kwamba ile ndoa iliua ule mvuto wa wao wawili, na Sheldon naye hakuitaka. Lile ndo tatizo la mmoja kwa mmoja, lina ombi moja kubwa chini ya maombi madogo yote, na siku ukilitimiza umemaliza. Kwa madada hakuna ombi la namna hiyo. Hutawaozesha. Hakuna siku watafika mahali waseme tumemalizana, na ndo maana kinadharia komedi ya madada na jini inaweza kwenda miaka mingi bila kukauka, ukiacha kwamba waigizaji wanakua na sauti zinabadilika.

Chekesho lenyewe ni kwamba hata hao wa Jeannie walikuja kugundua hilo bila kujua wamegundua. Walipoona stori inawakaukia wakamletea Jeannie dada. Naye anaitwa Jeannie, kaigiza Eden huyohuyo, tofauti ni nywele nyeusi na tabia mbovu, na kazi yake kubwa ni kumtaka mwanamume wa mwenzake. Yaani walipohitaji petroli mpya hawakuleta uchawi mkubwa zaidi, hawakuleta zimwi, walileta dada. Kila dada alipotokea episodi inachangamka. Mi naona kama ushahidi huo ungepelekwa mahakamani kesi yangu ingeisha asubuhi.

Kuhusu ufundi nisiseme sana. Uchawi wa tivi kwa miaka mingi ulikuwa kamera inazimwa, wote wanaganda kama walivyo, mtu anaweka kitu mezani au anatoka kwenye fremu, kamera inawashwa, ukiunganisha unaona kitu kimetokea. Msimu wa kwanza wa Jeannie ulipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na gharama za hizo mbinu zilichangia. Leo kompyuta inafanya kila kitu, na sioni kama imeongeza kicheko hata kimoja. Kitu kikitokea mezani hatukitazami kitu, tunatazama uso wa yule ambaye hakukiomba.

Sasa kuna jambo linaloniudhi na siwezi kulipita. Hawa majini wa tivi wametolewa wapi? Neno lenyewe lina safari yake. Antoine Galland alipokuwa anatafsiri hadithi za Kiarabu kwenda Kifaransa mwanzoni mwa miaka ya 1700, jinni kwa Kifaransa ikawa génie, neno lenye asili ya Kilatini na maana nyingine kabisa, roho mlinzi wa mtu, ila lilikuwa linafanana mlio. Kiingereza kikabeba hilohilo. Kiswahili hatukupita njia hiyo ndefu, tulilichukua moja kwa moja kutoka Kiarabu, na ndo maana mtu mwenye Kiswahili akisikia "jini ndani ya nyumba" hacheki kwanza, anauliza kwanza ni wa aina gani. Kwa masikio yetu kichwa cha komedi hii ni kichwa cha sinema ya kutisha. Kwa Kiingereza neno limeshafuliwa mara mbili tatu, halina ukali wowote, linatosha kumpa mtoto wa miaka sita alale nalo.

Na likishafuliwa hivyo kinachobaki ni nguo. Kizibao, kilemba, suruali pana, jina linalosikika kama la mashariki fulani hivi, na nchi ya kutungwa, Adil kwao ni Balamkadaar na huitafuti kwenye ramani yoyote. Sisemi wana nia mbaya, ni komedi ya watoto. Ila ni uvivu. Una kiumbe ambaye ana historia ya maelfu ya hadithi nyuma yake, unachukua kofia tu.

Maana majini wa zamani walikuwa na hasira zao! Kuna yule wa mvuvi katika hadithi za Alfu Lela u Lela, aliyefungiwa kwenye chombo na Nabii Suleimani akatupwa baharini. Karne ya kwanza akaapa atakayenitoa nitamtajirisha. Hakuja mtu. Karne zikapita akaongeza dau, hazina zote za ardhi, hakuja mtu. Mwisho akaapa atakayenitoa sasa namuua, nitamruhusu tu achague afe vipi. Ile ndo saikolojia bwana, nani asiyewaelewa watu waliongojea mpaka shukrani ikageuka chuki? Sasa mlinganishe na jini wa komedi ambaye kafungiwa miaka na miaka, anatolewa na wasichana wawili, na jambo la kwanza anauliza mnataka nini. Miaka yote hiyo gizani hana hata dakika tano za kununa. Hana haja zake, au akiwa nazo ni za kitoto, chakula na michezo. Anafanya kazi mchana na usiku bila mshahara, analala kwenye kazi yake, na siku akikosea wanamfokea.

Hapa ndo nadhani hizi komedi za madada zinaacha pesa mezani, kwasababu kwa bahati wana kitu ambacho Jeannie hakuwa nacho. Jini wa mabwana wawili sio sawa na jini wa bwana mmoja. Wa bwana mmoja anatii tu. Wa mabwana wawili ana nafasi ya kuchagua, amri zikigongana lazima aamue ya nani itangulie, na anayeamua huyo sio mtumwa tena, ni hakimu. Madada wakigombana yeye ndo mwenye nguvu nyumbani na hawajui. Umeona hilo lilivyo tamu? Jini mwenye akili angewagombanisha kila siku maisha yake yote ili awe huru katikati yao. Na jini mwenye moyo angewapatanisha na kwa kufanya hivyo anajirudisha utumwani mwenyewe. Hiyo peke yake ni msimu mzima. Badala yake tunapewa keki imelipuka jikoni.

Baba nae nimwongelee. Kwenye hizi komedi mama mara nyingi hayupo, na hilo halijatokea kwa bahati mbaya. Ukiwa na wazazi wawili wanaosaidiana taa inanyang'anywa siku ya pili, episodi imeisha. Baba mmoja anayelea peke yake na kazi zake anaweza kudanganyika, na kudanganyika kwake hakumfanyi mjinga, kunamfanya aliyechoka. Na kwa sababu hiyo kuna ombi moja ambalo linakaa chini ya meza kwenye nyumba yoyote ya namna hiyo, kila mtazamaji mkubwa analiwaza na mwandishi anajitahidi lisitamkwe. Nadhani ndo maana Disney waliona waliweke kabisa kwenye masharti, wafu hawarudi, tuendelee. Komedi nyepesi haiwezi kulibeba hilo ombi, lakini haiwezi pia kujifanya halipo, na waigizaji wazuri utawaona kwenye namna baba mtu anavyosita sekunde moja kabla ya kufoka. McGuire hiyo sekunde anaijua. Mimi ndo kinanifanya nisibadilishe chaneli.

Nirudi kwa Aladdin mwenyewe nimalizie, maana watu wanaitaja sana hii hadithi bila kuisoma. Galland hakuikuta kwenye maandishi yake ya Kiarabu, alisimuliwa Paris mwaka 1709 na kijana Msyria wa Aleppo anaitwa Hanna Diyab. Na ndani yake hakuna maombi matatu, hakuna hesabu yoyote, unaomba mpaka uchoke, tena majini ni wawili, wa pete na wa taa. Lakini sehemu ninayoipenda haiko kwenye katuni. Aladdin karudi nyumbani na taa hajui ina nini, hakuna chakula, wanapanga waiuze. Anayeisugua kwanza ni mama yake. Anaisafisha tu ili ipate bei nzuri, jini anatokea kama mlima, mama anazimia, mtoto anainyakua taa na ombi la kwanza la taa ile maarufu kuliko zote duniani ni leta chakula. Kinakuja kwenye masinia ya fedha. Mama akizinduka anakula, halafu anamwambia mwanae hicho kitu kitoe humu ndani, kiuze, sitaki kukigusa wala kukiona. Mtoto anakataa. Wanaafikiana kwamba mama hatahusika, mtoto ndo ataitunza, na kwa muda mrefu hawaombi kitu kingine, wanauza sinia moja moja wanaishi.

Hapo kuna taa moja na watu wawili, mmoja anaitaka mwingine haitaki, na wanaendelea kukaa nyumba moja kula chakula kilekile. Ningekuwa naandika mimi ningeanzia hapo: dada mtu hataki kabisa kusikia habari za jini, mdogo mtu kashaificha chini ya kitanda, na sinia la kwanza limeshauzwa.